Kukereza Mchongoko wa Shafti ya Mashua

Muhuru Bay ni bandari ndogo ya wavuvi katika Kaunti ya Migori, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Wenyeji wake, Wasuba na Waluo, huenda ziwani kutafuta mbuta, omena na ngege, samaki ambao jirani zao wa Tanzania huwaita sangara, dagaa na sato. Zamani mashua zao zilikwenda kwa kasia na tanga. Siku hizi tanga na kasia bado zipo, lakini mwenye kusafiri mbali hutegemea mashine. Safari ya kutoka Muhuru Bay mpaka kisiwa cha Migingo, ambacho ukubwa wake ni karibu nusu eka tu, huchukua kiasi cha saa mbili kwa mashua yenye mashine, na upepo ukiwa mkali huchukua zaidi.

Katika safari ya namna hiyo lipo tatizo moja ambalo huwashangaza wengi. Mashine haifi. Hulia kwa nguvu, pengine kwa nguvu kuliko kawaida, lakini mashua haisogei. Mafuta yamo, nahodha anaongeza moto, na mashua inapeperushwa na upepo upande usiotakiwa. Chini ya maji rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, imelegea juu ya shafti yake. Shafti yazunguka peke yake, na rafadha imesimama; au ile ncha ya shafti imekatika kabisa, na rafadha ya shaba yenye thamani kubwa imezama. Dhoruba za ziwa hili huja ghafula, hasa usiku na alfajiri, na watu waliomo katika mashua isiyokuwa na nguvu ya kuelekeza uso wake kwenye mawimbi wamo hatarini kweli kweli.

Mara nyingi kosa halikutendeka ziwani. Lilitendeka wiki kadhaa kabla, nchi kavu, katika karakana, siku ile fundi alipokereza ncha ya shafti mpya. Kwa kuwa sasa wako mafundi wenye kerezo ndogo nyumbani kwao, na kazi ya namna hii huwafikia, yafaa jambo hili lielezwe kwa ukamilifu.

Mchongoko ni nini

Chuma cha mviringo ambacho unene wake ni sawasawa toka mwanzo hata mwisho ni chuma kinyofu. Unene wake ukipungua kidogo kidogo na kwa kadiri ile ile mpaka mwisho, umbo hilo ndilo mchongoko. Watu wote wa shamba wanalijua ingawa hawalitaji kwa jina. Tundu la sululu ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, na mpini wake umechongwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kila mchimbaji anapoinua sululu na kuipiga chini, chuma huzidi kuukaza mpini. Hakuna msumari wala gundi. Kinachoshika ni msuguano wa ukuta kwa ukuta.

Rafadha ya mashua iliyofungwa mashine ndani yake hushikwa kwa akili hiyo hiyo. Kitovu cha rafadha kina tundu la mchongoko, ncha ya shafti ina mchongoko ulio sawa na tundu hilo, na nati iliyoko mwishoni huzikaza pamoja. Hata zile mashine zinazoning'inia nyuma ya mashua, ambazo ndizo nyingi zaidi huko Muhuru Bay, zina michongoko ndani yake: flaiwili iliyoko juu ya mashine hukaa juu ya mchongoko wa kranki, na nyingine zina mchongoko mdogo nyuma ya rafadha. Kadhalika kekee kubwa inayochomekwa katika mkia wa kerezo hushikwa na mchongoko. Mchongoko huo wa kekee huitwa kwa jina la Morse, Mmarekani wa Massachusetts aliyeubuni katika miaka ya 1860, na hata leo karakana zote za ulimwengu zinautumia.

Katika ziwa hili ufundi wa namna hiyo ulikuja pamoja na meli. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuteremshwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika mjini hapo mwaka 1901. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya kukereza shafti ilihitaji karakana ya reli na meli. Leo kerezo inayoweza kuwekwa juu ya meza, nyumbani, yatosha kwa shafti ya mashua ndogo, maadamu fundi anaijua kazi.

Kabari haishiki rafadha

Kati ya shafti na kitovu huwekwa kabari ndogo ya chuma, nusu yake katika mfereji wa shafti na nusu katika mfereji wa kitovu. Mafundi wengi, na wenye mashua karibu wote, hudhani ya kuwa kabari hiyo ndiyo inayozungusha rafadha. Wakidhani hivyo, hawajali sana kama mchongoko umekaa vizuri au vibaya, husema, "Kabari ipo." Dhana hiyo ndiyo inayovunja shafti.

Katika kazi iliyotengenezwa vema, mchongoko ndio unaobeba nguvu, na kabari ni msaidizi tu. Mchongoko ukigusa kitovu sehemu ndogo tu, rafadha hutikisika kila mashine inapobadilisha mwendo. Kutikisika huko hupiga kabari mbele na nyuma, mfereji hupanuka, na kwenye kona ya mfereji ufa mdogo huanza. Ufa hauonekani kwa kuwa umefunikwa na kitovu. Huendelea kidogo kidogo, siku hata siku, mpaka chuma kilichobaki hakiwezi tena, na shafti hukatika wakati mzigo ni mkubwa, yaani wakati mashua imejaa na mawimbi ni makali.

Jambo hili ni hivyo hivyo kwa flaiwili, na huko kosa lake ni la namna nyingine. Kabari ya flaiwili ni ndogo mno, na kazi yake ni kuonyesha mahali flaiwili inapopaswa kukaa ili cheche ya moto itoke kwa wakati wake. Mchongoko ukiwa na mafuta au uchafu, au nati ikiwa haikukazwa barabara, flaiwili huteleza, kabari hukatika, na mashine hukataa kuwaka au hurusha kamba ya kuwashia nyuma kwa ghafula. Mwenye mashine hununua kabari nyingine, kisha nyingine. Ingemfaa zaidi kuufuta mchongoko mpaka ukauke na kukaza nati kwa nguvu iliyotajwa na watengenezaji.

Kupima kabla ya kukata

Mchongoko hutajwa kwa uwiano. Ukiitwa 1 kwa 10, maana yake ni kwamba kila urefu wa milimita 10 unene hupungua milimita 1. Rafadha za mashua ndogo zilizotengenezwa kwa vipimo vya kimataifa huwa 1 kwa 10. Za Kimarekani huwa 1 kwa 16, yaani robo tatu ya inchi katika kila futi moja. Na nyingi za Kiingereza za zamani ni 1 kwa 12. Rafadha inayouzwa mkono kwa mkono ufukoni haina cheti. Kwa hiyo fundi asiulize ni ya namna gani, bali apime tundu lake.

Mathalani, rafadha imeletwa ambayo urefu wa kitovu chake ni milimita 60. Mdomo mpana wa tundu ni milimita 29.6, na mdomo mwembamba ni milimita 23.6. Tofauti ni milimita 6 katika urefu wa 60. Basi ni 1 kwa 10. Kama ingekuwa 1 kwa 12 tofauti ingekuwa milimita 5, na kama ingekuwa 1 kwa 16 ingekuwa chini kidogo ya milimita 4. Midomo ya tundu mara nyingi imechakaa au imepigwa nyundo, na kwa sababu hiyo ni vizuri kupima pia kwa ndani kidogo.

Shafti itakayotumiwa ina unene wa milimita 30. Mchongoko wake utaanza kwenye unene huo na kwisha kwenye milimita 24, katika urefu wa milimita 60. Rafadha ikikaa juu yake, mdomo mpana utasimama milimita 4 baada ya mchongoko kuanza, na mdomo mwembamba utapita mwisho wa mchongoko kwa milimita 4. Kupita huko si bahati mbaya. Ni lazima, kwa sababu nati sharti isukume kitovu. Mchongoko ukiwa mrefu kuliko kitovu, nati itagonga bega la shafti, fundi ataona imekaza sana, na kumbe rafadha yenyewe haikukazwa hata kidogo.

Kushika shafti katika kerezo

Shafti ya mashua huweza kuwa na urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na kerezo ya nyumbani ni fupi. Njia iliyo bora ni kuipitisha shafti katika tundu la kichwa cha kerezo, ili ncha tu ndiyo itokeze mbele ya taya za kushikia. Kama tundu la kichwa ni jembamba kuliko shafti, fundi asijaribu kuilazimisha kazi. Aipeleke mahali penye kerezo kubwa.

Hapa pana hatari ambayo imewaumiza mafundi wengi katika nchi zote. Sehemu ndefu ya shafti hubaki ikining'inia nyuma ya kichwa cha kerezo. Mashine ikizungushwa kwa kasi, sehemu hiyo huanza kuyumba, kisha kwa nukta moja hujipinda na kuchapa kama kiboko, na lolote lililo karibu huvunjika, awe mtu au ukuta. Sharti iegemezwe juu ya kihimili kilichofungwa imara, chenye tundu la mbao ngumu lililotiwa grisi, na mwendo uwe wa polepole. Tena hii ni karakana ya nyumbani. Watoto wasiachwe kupita nyuma ya mashine. Mikono mirefu ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, kanga na shuka zisikaribie kabisa, maranda ya chuma yaondolewe kwa ndoano wala si kwa vidole, na ufunguo wa taya usiachwe mahali pake hata kwa dakika moja.

Kwa chuma cha kawaida cha unene wa milimita 30, kikikatwa kwa kisu cha chuma kigumu, mizunguko 300 kwa dakika yatosha. Chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kinachofaa zaidi kwa mashua, chataka karibu nusu ya mwendo huo na mafuta ya kukatia kwa wingi.

Kuelekeza kitelezi cha juu

Zipo njia tatu za kukereza mchongoko. Ya kwanza, na ndiyo ifaayo kwa kazi hii, ni kukigeuza kile kitelezi kidogo cha juu kinachobeba kisu, ili kisu kiende mshazari.

Kosa la kwanza la wanafunzi ni kukigeuza kwa pembe nzima ya mchongoko. Kisu hukata upande mmoja tu wa chuma, lakini kwa kuwa chuma chazunguka, kila kinachopungua upande mmoja hupungua na upande wa pili. Hivyo kitelezi hugeuzwa nusu ya pembe. Kwa mchongoko wa 1 kwa 10 nusu hiyo ni digrii 2 na dakika 52 hivi. Kwa 1 kwa 12 ni digrii 2 na dakika 23. Kwa 1 kwa 16 ni digrii 1 na dakika 47. Aliyegeuza pembe nzima atapata ncha iliyopungua milimita 12 badala ya 6, na shafti yake imekwisha haribika.

Kosa la pili ni kuziamini alama za digrii zilizochorwa chini ya kitelezi. Alama hizo ni za kukadiria tu. Fundi akikosea nusu digrii, jambo lililo rahisi kwa macho, basi katika urefu wa milimita 60 unene utakosewa kwa zaidi ya milimita 1. Mchongoko wa namna hiyo hauwezi kushika kitu.

Njia ya kuaminika ni kutumia saa ya kupimia, yaani kile kifaa chenye uso kama wa saa na mshale unaoonyesha mafungu mia ya milimita. Chuma kinyofu kilichokwisha hakikishwa kuwa hakiyumbi hufungwa katika taya. Saa hufungwa juu ya kitelezi mahali pa kisu, na ncha yake huguswa ubavuni mwa chuma, kwa kimo kile kile cha kiini cha chuma. Kisha kitelezi huendeshwa kwa mkono milimita 40. Kama pembe ni sawa, mshale utaonyesha milimita 2, kwa kuwa kila milimita 20 za mwendo lazima zitoe milimita 1 ubavuni. Ukionyesha 1.9, pembe haijatosha, ukionyesha 2.1, imezidi. Kitelezi hulegezwa kidogo, hugongwa kwa mpini wa nyundo, hukazwa, na kupimwa upya. Kazi hii huweza kuchukua nusu saa nzima, na fundi mwenye subira haoni ni hasara.

Asiye na saa ya kupimia atakata mchongoko wa majaribio juu ya kipande cha chuma kisicho na kazi, apige alama mbili zilizoachana milimita 40, na kupima unene kwa maikromita penye kila alama. Tofauti iwe milimita 4. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini haina udhaifu.

Kama shafti ya zamani ipo, na mchongoko wake haukuharibika, haifai kuhesabu lolote. Shafti hiyo ifungwe katika kerezo, saa ipitishwe juu ya mchongoko wake, na kitelezi kirekebishwe mpaka mshale usimame tuli toka mwanzo hata mwisho. Michongoko ya Morse hasa yataka kunakiliwa hivyo. Watu husema ni 1 kwa 20, lakini kila namba ina uwiano wake: namba 2 ni 1 kwa 20.02, na namba 4 ni 1 kwa 19.25. Aliyekereza zote kwa 1 kwa 20 atakuta nyingine zacheza.

Njia ya pili ni kuusogeza mkia wa kerezo kando, chuma kikiwa kimeshikwa kati ya ncha mbili. Urefu wote wa chuma huzidishwa kwa upungufu wa unene, kisha hugawanywa kwa urefu wa mchongoko mara mbili. Chuma cha milimita 400 chenye mchongoko wa 1 kwa 100 hutaka mkia usogee milimita 2 tu, na hapo njia hii ni nzuri sana, hasa kwa michongoko mirefu. Lakini shafti ya mita moja na nusu kwa 1 kwa 10 ingetaka milimita 75, na hakuna mkia usogeao hivyo. Njia ya tatu hutumia reli ya mshazari inayofungwa nyuma ya kerezo. Ni bora kuliko zote, ila kerezo ndogo za nyumbani mara chache huuzwa pamoja nayo.

Kukata

Ncha ya kisu sharti iwe katika kimo cha kiini cha chuma kabisa. Ikiwa juu au chini, hata kwa milimita moja, mchongoko utakaotokea si ule uliopimwa kwa saa, na fundi atalaumu kitelezi bure. Kigari kikubwa kikazwe juu ya kitanda ili kisisogee. Kisha kitelezi cha juu huendeshwa kwa mikono miwili, mmoja ukipokea kwa mwingine bila kusimama, kwa maana kila kisu kinaposimama huacha alama. Mikato ya mwanzo iwe ya nguvu kiasi, na ya mwisho iwe myembamba. Katika kerezo nyepesi chuma na kisu husukumana na kupinda kidogo, hivyo mkato wa mwisho urudiwe mara mbili bila kuongeza kina.

Kama kitelezi cha juu ni kifupi na hakiwezi kwenda milimita 60 mfululizo, kukata nusu, kusogeza kigari, na kukata nusu ya pili si shauri jema. Mahali pa kukutania huwa na ngazi, na ngazi hiyo ndogo yatosha kuizuia rafadha isikae.

Kujaribu kwa rangi

Kabla mchongoko haujafikia kipimo chake, fundi aujaribu. Huchora mistari mitatu ya chaki au penseli toka upande mnene mpaka upande mwembamba, huvika rafadha kwa mkono, huizungusha robo mzunguko na kuitoa. Wengine hupaka rangi ya buluu ya mafundi, nyembamba kama jasho la mkono. Masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo hufanya kazi hiyo hiyo. Mistari ikifutika upande mnene tu, pembe ya shafti imezidi ile ya tundu. Ikifutika upande mwembamba tu, pembe imepungua. Ikifutika kote kwa ulinganifu, kazi inakaribia kwisha.

Sasa inabaki kuiingiza rafadha mpaka mahali pake, na hapo hesabu ni rahisi. Kwa 1 kwa 10, rafadha ikisimama milimita 5 kabla ya mahali pake, unene upunguzwe milimita 0.5, yaani kisu kiingie milimita 0.25. Fundi ahakikishe kwanza kama gurudumu la kerezo yake linahesabu kina cha kisu au unene wa chuma, kwani mashine zote hazilingani.

Wako wanaopaka dawa ya kusagia vali na kuzungusha rafadha juu ya shafti mpaka zikubaliane. Dawa hiyo yafaa kwa kung'arisha kazi ambayo tayari ni nzuri, na yafaa kwa mchongoko wa kranki uliokwaruzwa kidogo na flaiwili, mahali ambapo kukereza upya kungeishusha flaiwili chini mno. Haiwezi kusahihisha pembe mbaya. Na baada ya kuitumia, kila kitu kioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa, maana chembe zilizobaki huendelea kula chuma.

Mfereji wa kabari huchongwa baadaye, na kona za chini yake zisiwe kali bali ziwe na mviringo mdogo, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Kisha kuna jaribio moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi, nalo ni rahisi mno. Rafadha huvikwa kwanza bila kabari, na mstari wa penseli huchorwa juu ya shafti pale kitovu kinapokomea. Halafu kabari hutiwa, na rafadha huvikwa tena. Ikifika kwenye mstari ule ule, ni sawa. Isipofika, rafadha imepanda juu ya mgongo wa kabari, na mchongoko haugusi. Hapo kabari ipigwe tupa kwa juu, mpaka nafasi ndogo ibaki kati ya mgongo wake na kitovu.

Nati hukazwa kwa spana ndefu, na kufungwa kwa pini au kwa nati ya pili ili isijifungue. Mashua huendeshwa kwanza karibu na ufuko kwa muda wa saa moja au mbili, mbele na nyuma, kisha huvutwa mchangani na nati kujaribiwa tena, kwa kuwa mchongoko mpya hujiketisha na kuacha ulegevu kidogo. Siku rafadha itakapotakiwa kutolewa, haitatoka kwa kuvutwa na mkono. Nyundo hupinda shafti na kuvunja mabawa ya shaba. Kitakachoitoa bila madhara ni kivutio chenye bolti, nacho kinaweza kutengenezwa katika karakana hiyo hiyo kwa vipande viwili vya chuma kinene na bolti tatu.